Joho mmelipia, deni la Handeni je?

Kwa wale mnaouliza nimepotelea wapi, sijapotea. Nipo Korogwe, na wiki ijayo nitakuwa Handeni. Vuli inanukia huku, kila jioni mawingu yanakusanyika juu ya milima ya Usambara, watu wanasafisha mashamba. Simu yangu nayo inanyeshewa kivyake, maana huu ndio msimu wa matangazo ya chuo.

Nimeyahesabu yaliyoingia ndani ya siku kumi. Utambulisho kwa wanafunzi wapya wa uzamili na uzamivu. Semina ya kuandika pendekezo la utafiti. Siku ya mwisho ya kukabidhi tasnifu kwa wanaotaka kuwahi mahafali. Hakiki jina lako kwenye orodha ya wahitimu. Lipia joho. Chukua joho. Rudisha joho, ukichelewa faini. Yaani joho peke yake lina matangazo matatu, jamani!

Sasa nimeyasoma yote, mbele nyuma, nikitafuta tangazo moja tu. Tangazo linalosema: wewe uliyekusanya data kijijini, umesharudi kuwaambia wenyewe ulichokuta? Halipo. Mwaka jana halikuwepo. Kwenye ratiba ya msimu mzima wa kuhitimu kila mtu ana nafasi yake: mgeni rasmi, wazazi, wapiga picha, hadi muuza maua wa getini. Asiyekuwemo ni yule aliyejibu maswali. Leo naomba nimsemee huyo.

Tuanze na jinsi tunavyoingia vijijini. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Tanga. Pale unapata barua ya kwenda kwa Katibu Tawala wa Wilaya. Wilaya inakuandikia halmashauri, na ujue Korogwe kuna halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya, na Handeni vivyo hivyo, kwa hiyo mie niliyefanya kote kote nilibeba bahasha kama karani wa mahakama. Halmashauri inakupeleka kwa mtendaji wa kata, kata inakupeleka kwa mtendaji wa kijiji, naye anakukabidhi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Huyo wa mwisho ndiye anayeacha jembe lake asubuhi akutembeze nyumba kwa nyumba akisema, "Huyu mgeni katoka chuo kikuu, msimwogope, si mtu wa kodi."

Mihuri yote hiyo, wadau, inahusu mwanafunzi ANAINGIAJE. Hakuna hata mmoja unaouliza ANATOKAJE.

Kisha unaketi kwenye kigoda cha watu. Unamsomea mama ile fomu ya ridhaa: utafiti huu hautakupa faida ya moja kwa moja, lakini matokeo yatasaidia jamii. Anatia dole gumba. Anaacha mahindi yake juani na kuku wanayaona. Anakujibu saa nzima: anapata shilingi ngapi, anadaiwa na nani, choo chake kikoje, watoto wangapi walizaliwa na wangapi wapo. Maswali ambayo wewe hujawahi kuthubutu kumuuliza hata shangazi yako. Ukimaliza unasema asante mama, tutarudi. Hurudi.

Mwezi wa tisa nilipofika kijiji kimoja upande wa Handeni, mama mmoja wa makamo aliniona na daftari akaanza kucheka. "Mwanangu, na wewe umekuja kuandika? Basi kaa, majibu nishayazoea." Nikamwambia, "Hapana mama, safari hii sikuja kuuliza, nimekuja kusema." Akaniangalia kama vile nimemwambia nimekuja kumlipia madeni ya dukani. Akasema, "Wote waliokuja walisema watarudi. Mmoja alipiga na picha."

Kama kuna mtu anadhani mama huyu analalamika bure, basi hajui huku kumeshachotwa kiasi gani. Mwaka 1992 mwanahistoria James Giblin alichapisha kitabu kizima juu ya Uzigua, nchi yenye Handeni ndani yake, kuhusu siasa, njaa na mazingira toka 1840 mpaka 1940, na kilitegemea pia masimulizi ya wazee wa huku. Njoo Korogwe. Desemba 2008 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa matokeo ya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto 894 wa Kilifi nchini Kenya na wa Korogwe. Chanjo ilipunguza kuugua malaria kwa asilimia 53 katika muda waliofuatiliwa. Yakafuata majaribio makubwa ya awamu ya tatu, vituo 11 katika nchi saba za Afrika, na kwa Tanzania vilikuwa Korogwe na Bagamoyo. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo kwa watoto. Dunia nzima ikapiga makofi. Nyuma ya makofi yale wapo akina mama wa Korogwe waliobeba watoto mgongoni kwenda kutolewa damu.

Na toka Juni 2022, familia za Ngorongoro zilipoanza kuhamishiwa Msomera, Handeni imepata wageni wengine tena wenye madaftari.

Kwa hiyo tusijidanganye kwamba tunawaletea elimu watu hawa. Wao ndio wameichangia dunia elimu kuliko wengi wetu tutakavyoweza. Na nieleweke, simsemi Giblin wala watafiti wa chanjo, wao wanajua walivyoagana na watu wao. Nawasema sisi. Sisi wa uzamili na uzamivu, tunaoshuka Korogwe stendi na begi moja, wiki tatu tumemaliza, halafu tunaonekana tena kwenye picha tukiwa na kofia ya pembe nne.

Mnalijua bomba la HTM? Mradi ule ulijengwa miaka ya 1970, kuchukua maji ya mto Pangani huku upande wa Korogwe na kuyapeleka Handeni kwenye kiu. Hadithi za bomba lile kukatika mtazisikia kwa kila mwenye ndoo. Lakini wazo lake lilikuwa zuri: penye maji mengi papeleke pasipo na maji. Bomba letu la usomi tumeligeuza. Linanyonya kule kwenye kidogo, linamwaga kule kwenye kingi, tena likifika linamwaga kabatini.

Maana hebu tuseme ukweli, tasnifu inakwenda wapi? Inaandikwa kwa Kiingereza, kurasa mia na kitu. Nakala yenye jalada gumu inakwenda maktaba, nyingine inahifadhiwa kwenye kompyuta za chuo. Sura ya mwisho ina mapendekezo: "serikali ya kijiji ihakikishe hiki, kamati ya maji ifanye kile." Serikali ya kijiji gani hiyo? Mtendaji hajaiona sura. Kamati ya maji haijui kama imeagizwa kazi. Tunawaandikia watu maagizo kwa barua ambayo hatukuituma, halafu mwanafunzi wa mwaka unaofuata anakuja kuandika kwamba "mapendekezo hayakutekelezwa kutokana na uelewa mdogo wa jamii." Uelewa mdogo! Bwana wee.

Najua majibu yenu, nimeyasikia tangu nianze kuisema hii hoja. Tuyachukue moja moja.

La kwanza ni hela. Eti bajeti ya utafiti ni ndogo, chuo hakitoi nauli ya kurudi. Sawa, hakitoi. Lakini ukumbi wa kurudishia matokeo upo na ni bure. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mamlaka za wilaya, Na. 7 ya 1982, kila kijiji kina mkutano mkuu wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Unachohitaji ni nauli, sehemu ya kulala usiku mmoja, na dakika ishirini kwenye ajenda. Nauli nayo imeshindikana? Andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, mtumie mtendaji wa kijiji kwenye simu, aubandike pale ofisini. Namba yake unayo, si ulimpigia mara tisa ukitafuta sahihi?

Na tukitaja hela tutaje zote. Mpaka leo nina kadi tatu za michango ya sherehe za mahafali. Kamati zimeundwa, ukumbi umelipiwa, kuna emsii, kuna keki, kuna sare ya kitenge kwa upande wa mama. Siwaonei wivu, nitachanga na nitacheza. Ila mtu aliyekusanya michango ya keki ya ngazi tatu asiniambie ameshindwa nauli ya kwenda Handeni. Hela ipo. Mtu wa Handeni ndiye hayupo kwenye hesabu.

La pili, muda. Wenzangu wa uzamili, hivi sisi ndio wa kuzungumzia muda? Sura zetu zinakaa mezani kwa supavaiza miezi na miezi, huku tunapita mlangoni kwake tukikohoa ili atukumbuke. Muda wa kungojea tunao tele. Ungojee ukiwa Handeni basi.

La tatu, lugha. Nimeambiwa na msomi mwenzangu, kwa uso mkavu kabisa, kwamba matokeo ya takwimu hayasemeki kwa Kiswahili. Huku Korogwe kuna mahali panaitwa Mazinde, palipokuwa makao ya Semboja, mmoja wa watawala wa Kikilindi wa karne ya 19. Mtu aliyemtumikia Semboja, Abdallah bin Hemedi, aliandika Habari za Wakilindi, historia ndefu ya utawala wa Usambara tangu Mbegha alipotoka Nguu. Aliiandika kwa Kiswahili, na ilianza kuchapwa mwishoni mwa karne ile ile. Hadi leo wanahistoria wa vyuo vikuu wanaitegemea. Zaidi ya miaka mia iliyopita mtu alieleza dola zima kwa Kiswahili, wewe leo unashindwa kueleza asilimia? Nchi hii ina watu wanaoandika tasnifu za uzamivu kwa Kiswahili tupu. Kama huwezi kumweleza mwenyekiti wa kitongoji ulichogundua, mie nashuku hujagundua.

La nne ndilo linaloniudhi zaidi: "hawatajali, wanakijiji wanataka posho tu." Nitawasimulia kilichotokea kwangu.

Utafiti wangu ni wa maji ya nyumbani. Nilikuwa na jedwali moja lililonisumbua mwaka mzima. Katika kitongoji kimoja kaya nyingi zina kisima cha pampu jirani kabisa, lakini zinatembea mbali zaidi kuchota kwingine. Niliwasilisha kwenye semina chuoni, kila mtu akatoa nadharia yake. Mmoja akasema ni jinsia, mwingine akasema ni mahusiano ya kiukoo, mwingine akataja jina la Mfaransa. Basi mwezi wa tisa nikasimama kwenye mkutano wa kijiji, chini ya mwembe, nikalichora jedwali kwenye karatasi kubwa nikaeleza. Mzee mmoja nyuma kabisa akanyoosha fimbo. "Mjukuu wangu, kile kisima cha karibu ni cha chumvi. Maji yake tunafulia. Maharage hayaivi."

Maharage hayaivi! Watu wakaangua kicheko, na mie nikacheka. Akina mama wakaendelea: mwezi gani chumvi inazidi, nani ana punda wa kubebea maji, nani hana, na kwamba mchoro wa visima ulioko wilayani unakihesabu kile kisima kama maji safi kwa kitongoji kizima. Kwa nusu saa ile sura yangu ya nne ilipata nyama kuliko semina zote za chuoni. Mwisho mama mmoja akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Hii karatasi tunaweza kuwa nayo, tumpelekee diwani?" Nikawaachia. Sijui kama diwani atafanya lolote. Lakini kwa mara ya kwanza karatasi yenye majibu yao ilibaki mikononi mwao, wakaamua wenyewe waende nayo wapi.

Hakuna aliyeomba posho. Mwenyekiti ndiye aliyeninunulia soda.

Sasa lipo jibu la tano, na hili nalipa heshima yake. Kuna matokeo ya hatari. Umefanya utafiti wa mgogoro wa wakulima na wafugaji, au wa ukatili ndani ya nyumba, au wa nani kauza ardhi ya nani. Ukisimama mkutanoni kusoma, unaweza kumwacha mtu matatani wewe ukiwa umeshapanda basi. Kweli kabisa. Hapo usiende na kipaza sauti. Nenda kwa makundi madogo, sema kwa ujumla bila jina la mtu wala la kitongoji, ongea kwanza na wale wale waliokuamini uone wao wanataka kipi kisemwe. Hilo linahitaji mafunzo, na chuo ndicho kinachotakiwa kuyatoa. Lakini hatari haiwi ruhusa ya kunyamaza. Tasnifu yenyewe umeiweka wazi dunia isome. Inakuwaje kila mtu aweze kuisoma isipokuwa mtu anayezungumziwa humo?

Kwa hiyo nadai nini? Mambo matatu tu, na hakuna linalohitaji mfadhili.

Moja, fomu ya kukabidhi tasnifu iongezwe mstari: matokeo yamerudishwa wapi, lini, na muhuri wa kijiji au wa taasisi uliyofanyia utafiti. Tumezoea mihuri ya kuingia, tuzoee na wa kutoka. Asiyekuwa nao, jina lisiingie kwenye orodha ya wahitimu, kama vile asiyelipa ada.

Mbili, ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi ukae mbele ya kila tasnifu, pamoja na ile ikisiri ya Kiingereza. Mtu wa darasa la saba ausome na auelewe. Supavaiza aukague kama anavyokagua marejeo, ambayo huwa anayakagua mpaka nukta.

Tatu, kwenye semina za msimu huu za wanafunzi wapya, kiwepo kipindi cha kurudisha matokeo. Wanafundishwa jinsi ya kuchagua sampuli, wafundishwe na jinsi ya kuiaga.

Na wakati tunaingoja ofisi, ambayo sote tunaijua spidi yake, hakuna anayetuzuia kuanza wenyewe. Wewe unayechukua joho mwezi huu au ujao, bado hujachelewa. Kijiji hakijahama.

Oktoba ni mwezi wenye kumbukumbu yake kwa wanafunzi wa nchi hii. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam waliandamana kupinga JKT ya lazima kwa wasomi: miezi mitano kambini, kisha miezi 18 ya kazi kwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na akawafukuza mamia ya wanafunzi warudi kwao. Mie naona kuwafukuza kulizidi, na wengi walikuja kurudishwa. Lakini hoja yake haikufukuzika. Ndiye aliyetupa ule mfano wa kijiji chenye njaa kinachompa mtu mmoja chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta msaada. Akila akaenda asirudi, tumwiteje? Mwalimu alimwita msaliti. Neno zito, mie sina kifua cha kumwita nalo mtu ninayekula naye mihogo kantini. Ila mfano ni wetu kabisa, tena kwetu umezidi. Kijiji hakikutupa kodi yake tu, kilitupa na siri zake za ndani.

Naomba kutoa hoja. Anayepinga tukutane kantini nikirudi, tubishane mpaka wafunge. Sharti ni moja tu: aje na jina la kijiji alichofanyia fildi, na jina la mwenyekiti wa kitongoji aliyemtembeza juani. Kama jina hilo halikumbuki, basi hoja imepita.